Mzigo Kwanza, Injini Baadaye: Kuchagua Pikapu kwa Njia za Jilore

Bodi ya pikapu ya kebini moja, ya aina zinazouzwa sana nchini Kenya, ina urefu wa karibu mita 2.3, upana wa karibu mita moja na nusu na kina cha karibu nusu mita, na mwenye kupiga hesabu ataona kwamba nafasi hiyo inapita mita moja na nusu za ujazo. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu tani 1.6, bodi hiyo ikijazwa mchanga wa mto Sabaki hadi ukingoni itakuwa imebeba takriban tani mbili na nusu, ilhali mtengenezaji aliiandalia tani moja au zaidi ya hapo kidogo. Mpakiaji mchanga wa Jilore huijua hesabu hii kwa macho tu, anapoona gari limelala nyuma na matao ya tairi yamekaribia kugusa mpira; lakini katika vyumba vya maonyesho ya magari mazungumzo huanzia kwenye injini, yakapitia rangi na viti, yakaishia kwenye mkopo, na uzito wa mzigo hutajwa mwishoni, ikiwa utatajwa. Inayotetewa hapa ni njia iliyo kinyume cha hiyo: mnunuzi aanze na mzigo wake mzito wa kawaida na njia mbaya anayoipita mara kwa mara, hivyo viwili vimchagulie injini, na kifurushi cha vifaa kije baada ya hapo.

Jilore iko bara ya Malindi, kati ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa njia inayotoka Malindi kuelekea Kakoneni na hatimaye lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Kwa mwenye pikapu, mahali hapo pana sura mbili zisizofanana. Upande wa mto ardhi ni tope lililoletwa na mafuriko, ambalo likilowa hunata kwenye tairi mpaka meno yake yakafunikwa na tairi likawa kama limenyolewa. Upande wa msitu ardhi ni mchanga, mwekundu katika baadhi ya sehemu na mweupe katika nyingine, ambao wakati wa kiangazi hulegea na kumeza gurudumu, na wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei ambao kwa kawaida huongoza kwa mvua eneo la Malindi, njia zake hukatwa na maji yakaacha mifereji. Juu ya njia hizo hupita mahindi, mihogo, nazi, makuti, korosho, mitungi ya maji, na saruji na mabati wakati wa kurudi. Msimu wa maembe ukifika, ngowe, boribo na dodo hupakiwa pomoni kutoka mashambani, na sehemu yake huendelea hadi soko la Kongowea, Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka Malindi kwa lami. Gari lilelile, kwa hiyo, hutakiwa asubuhi litambae mchangani likiwa na mzigo, na mchana liende mwendo wa barabara kuu bila kuchemsha maji.

Injini hupimwa kwa vipimo viwili ambavyo matangazo ya biashara hupenda kuvichanganya. Cha kwanza ni nguvu, yaani wepesi wa kufanya kazi katika muda fulani, nayo huandikwa kwa kilowati au kwa nguvu za farasi. Cha pili ni torki, yaani nguvu ya kusokota inayotoka kwenye krenki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, nayo huandikwa kwa nyutoni-mita. Nguvu ndiyo inayoamua gari litafika kasi gani barabara ikiwa wazi. Torki, na hasa torki inayopatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, ndiyo inayoamua kama gari lililopakiwa litang'oka pale lilipozama bila dereva kulazimika kuipandisha injini mizunguko na kuichezea klachi mpaka inuke moshi.

Mfano ulio wazi unapatikana ndani ya jina moja la gari. Injini ya petroli ya lita 2.7 ya Toyota Hilux, katika toleo lake la miaka ya karibuni, hutoa kilowati 122 na torki ya nyutoni-mita 245, na torki hiyo hufika kileleni injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Ya dizeli ya lita 2.4 hutoa kilowati 110 tu, lakini torki yake hufika nyutoni-mita 400, tena kati ya mizunguko 1,600 na 2,000. Anayesoma mstari wa kilowati peke yake ataondoka akiamini kwamba petroli ndiyo yenye nguvu, na kwa mtu anayepeleka barua Kilifi huenda asikosee. Lakini anayetoka shambani na magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 kila moja, ambayo ni kasoro kilo kumi tu ya tani moja, atagundua kwamba injini ya petroli humtaka akanyage mafuta mpaka ikalia, wakati ile ya dizeli huondoka kwa mlio wa kawaida. Ni kweli kwamba gia huzidisha torki, na kwa gia fupi injini yoyote inaweza kuvuta chochote, ila gharama ya kuvuta hivyo kila siku hulipwa kwa mafuta na kwa klachi.

Kuna kipimo cha tatu kinachopendwa vijiweni kuliko hivyo viwili, nacho ni CC, yaani ujazo wa silinda zote kwa sentimita za ujazo. Kwa miongo mingi kipimo hicho kilitosha, kwa sababu injini za dizeli za pikapu zilivuta hewa zenyewe bila msaada, na hivyo silinda kubwa ilimaanisha hewa nyingi, mafuta mengi na nguvu zaidi. Turbo imeivuruga hesabu hiyo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa kwa shinikizo ndani ya silinda, kwa hiyo silinda ndogo hupata hewa ambayo zamani ingehitaji silinda kubwa. Injini ya lita 1.9 ya Isuzu D-Max hutoa kilowati 110 na nyutoni-mita 350, ilhali ya lita 2.5 iliyoitangulia, hata katika toleo lake lenye nguvu zaidi, ilitoa kilowati 100 na nyutoni-mita 320. Wapo watakaoendelea kuidharau ile ndogo kwa sababu ya CC zake, na dharau hiyo haina msingi katika takwimu, ingawa ina msingi kidogo katika jambo jingine litakaloelezwa hivi punde: injini ndogo inayofanya kazi kubwa haisamehe uzembe wa matunzo.

Wazee wa pwani watakumbuka Peugeot 504 pikapu, zilizounganishwa nchini Kenya na kutawala barabara za mashambani katika miaka ya 1980, ambazo kwa injini ya dizeli ya lita 2.3 zilikuwa na nguvu za farasi 70 hivi, chini ya nusu ya zile za pikapu ya leo, na bado zilibeba tani moja na abiria juu yake. Siri yake haikuwa nguvu. Zilikuwa na gia zilizopangwa kwa mzigo, maspringi ya kutosha nyuma, na injini ambayo fundi yeyote wa njiani aliweza kuifungua.

Hapo ndipo penye uamuzi mgumu kuliko wote, na mnunuzi mwenye fedha mkononi angefaa kutulia hapo zaidi kuliko kwenye rangi. Injini za zamani za dizeli, kama zile za Toyota zilizojulikana kwa majina 3L na 5L, zilitumia pampu ya kimakanika iliyopeleka mafuta kwenye kila nozeli kwa zamu, na pampu hiyo ilivumilia mafuta yasiyo safi sana. Injini za sasa hutumia mfumo unaoitwa komoni reli, ambapo mafuta yote huhifadhiwa katika bomba moja nene kwa shinikizo kubwa mno, mara nyingi zaidi ya mara 1,600 ya shinikizo la hewa, na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme huyapuliza kupitia matundu membamba mno. Faida yake ni torki nyingi, ulaji mdogo wa mafuta na mlio mtulivu. Hasara yake ni kwamba tone la maji au chembe ya uchafu, ambayo pampu ya zamani ingeikohoa na kuendelea, huweza kuiharibu nozeli, na nozeli hizo mara nyingi hubadilishwa zote kwa pamoja, kwa bei inayomfanya mwenye gari aketi chini.

Kwa hiyo swali la injini ni swali la mafuta pia. Dizeli ya Afrika Mashariki imeboreka: tangu Januari 2015 kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500 za awali. Lakini ubora wa dizeli inayoshuka melini si lazima uwe ubora wa dizeli inayopimwa kwa chupa au jerikeni kando ya njia, mbali na kituo cha mafuta. Mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kwa wingi kiasi kwamba mnamo Septemba 2018 serikali ya Kenya iliyatoza mafuta ya taa ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Na mafuta ya taa, kwa kuwa hayalainishi vyuma kama dizeli, huisaga pampu ya komoni reli taratibu. Anayeishi Jilore na kununua injini ya kisasa anapaswa basi kununua pamoja nayo nidhamu mbili: kujaza tangi katika vituo vinavyoaminika mjini Malindi, na kumwaga maji kwenye kichujio cha mafuta kila mara, tena kichujio chenyewe kikibadilishwa kabla ya muda ulioandikwa kitabuni na si baada yake. Asiyeweza nidhamu hizo afadhali atafute injini ya zamani iliyotunzwa, ingawa ni polepole na hula zaidi.

Magari yaliyotumika kutoka nje yana mtego wake. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, nayo hudai usukani uwe upande wa kulia, na wengi hudhani kwamba Japani, kama ilivyo kwa magari madogo, ndiyo chimbuko la pikapu zote. Ukweli ni kwamba Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kurudi mwaka 2017 tu, kwa hiyo pikapu nyingi za usukani wa kulia zilizotumika hutoka Thailand, ambako hutengenezwa kwa wingi mkubwa. Zile chache za Japani zilizouzwa tangu 2017 zina kebini mbili, na injini yake ya lita 2.4, inayofanana kwa jina na ile iliyotajwa awali, imefungiwa kichujio cha masizi ndani ya bomba la moshi na tangi dogo la maji ya urea ambayo hupulizwa kwenye moshi ili kupunguza sumu. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa limekwenda mwendo mrefu na moshi ukiwa moto. Gari linalokwenda kisimani na kurudi halifiki joto hilo, masizi hujaa, taa huwaka, na injini hujipunguzia nguvu. Urea ikiisha, gari hukataa kuwaka tena baada ya kuzimwa. Vifaa hivi ni vizuri kwa mapafu ya watu wa Osaka, na vingekuwa vizuri kwa mapafu ya watu wa Malindi pia, lakini mnunuzi asiyeuliza hujikuta amenunua wajibu ambao fundi wa karibu naye hana mashine ya kuusoma.

Sasa vifurushi. Kifurushi, katika biashara ya magari, ni kundi la vifaa vinavyouzwa kwa pamoja bila kutenganishwa. Nchini Marekani mnunuzi wa pikapu kubwa kama Ford F-150 anaweza kuchagua injini miongoni mwa kadhaa, kisha urefu wa bodi, kisha uwiano wa difu, kila kimoja karibu peke yake, na kusubiri gari litengenezwe. Nchini Kenya, ambako pikapu mpya huunganishwa katika viwanda kama kile cha Isuzu East Africa jijini Nairobi, kampuni ambayo hadi 2017 ilijulikana kama General Motors East Africa, au kile cha Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa, vipande huja kwa shehena zilizopangwa, na mnunuzi hupewa ngazi tatu au nne tu. Matokeo yake ni ndoa za lazima: anayetaka injini kubwa huozwa viti vya ngozi na rimu za inchi 18, na anayetaka kebini moja na bodi ndefu mara nyingi huozwa injini ndogo. Wakati mwingine ndoa hiyo huibadilisha hata injini yenyewe. Afrika Kusini, kwa mfano, dizeli ileile ya lita 2.4 ya Hilux iliuzwa katika ngazi ya chini ikiwa na gia tano na nyutoni-mita 343, na katika ngazi ya juu ikiwa na gia sita na nyutoni-mita 400, wakati kilowati zilikuwa 110 kote. Jina la injini, basi, halitoshi.

Vilevile hautoshi mstari wa torki bila uwiano wa difu. Difu ni lile dude la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalopokea mzunguko kutoka kwa shafti na kuugawa kwa magurudumu mawili. Ndani yake mna krauni na pinioni, na idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa ya pinioni hutoa uwiano. Meno 41 kwa 10 ni 4.1, na maana yake ni kwamba shafti huzunguka mara nne na zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano mkubwa huvuta vizuri na hula mafuta zaidi kwenye lami. Mdogo hupendeza kwenda Mombasa na huteseka mchangani. Wauzaji wachache huutaja, na kila mnunuzi wa kubeba mizigo ana haki ya kuuuliza.

Difu ina udhaifu mmoja unaojulikana na kila aliyewahi kukwama Jilore: kwa kuwa kazi yake ni kuruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona, gurudumu moja likiwa hewani au kwenye tope laini, nguvu yote huponyokea huko, na lile lenye mshiko hubaki limesimama. Loki ya difu huyafunga mawili hayo yazunguke pamoja. Ni kifaa cha bei ndogo kikilinganishwa na mfumo mzima wa magurudumu manne, na kwa sehemu za mchanga pikapu ya kuvuta nyuma iliyoinuliwa, yenye loki ya difu, tairi zenye meno na mzigo uliokaa juu ya ekseli, hupita mahali pengi ambapo watu hudhani pamewekewa magari ya foo wili pekee. Tatizo lake ni wakati wa kurudi tupu, mkia ukiwa mwepesi, ndiyo maana madereva wengine huacha magunia mawili ya mchanga nyuma.

Bondeni mwa Sabaki mambo ni mengine. Huko, mvua zikinyesha, magurudumu manne yenye gia ya chini, yaani gia ya ziada inayopunguza mwendo na kuzidisha torki zaidi ya mara mbili, si anasa. Anayeichukua ajue kwamba katika pikapu nyingi mfumo huo ni wa muda: hauna difu ya katikati, na ukifungwa kwenye lami kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma hushindana kila kona mpaka kitu kikatike. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye injini ya silinda sita ya lita 4.2 isiyo na turbo, ndiyo inayotamaniwa na wengi kwa njia hizo kwa kuwa haina mengi ya kuharibika. Bei yake, hata hivyo, huiweka mikononi mwa polisi, mashirika na wenye migodi, na mkulima wa maembe hapaswi kujilaumu kwa kuikosa.

Kuhusu kebini, suala ni fupi. Dabo kebini hubeba familia na hupunguza bodi hadi karibu mita moja na nusu, na uzito wa kebini ya pili hutolewa kwenye uwezo wa mzigo. Ndivyo ilivyo kwa kila kipambo: bulbaa ya chuma, keria, paa la bodi na tairi la pili la akiba hupimwa pamoja na mzigo na si nje yake, kwa sababu uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa haubadiliki. Kilo mia za mapambo ni gunia moja na ushee lililobaki shambani kila safari.

Yapo mambo mawili ambayo hayafai kufanyiwa ubahili. Kiyoyozi katika joto na unyevu wa Malindi humfanya dereva afike akiwa macho. Jingine ni usalama. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liliigonga Nissan NP300 Hardbody iliyouzwa Afrika, pikapu ambayo Wakenya waliipenda kwa urahisi wa spea, na ikapata nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima, kwa kuwa kebini yake ilivunjika vibaya ingawa mifuko ya hewa ilikuwemo. Breki zisizofunga magurudumu, mifuko ya hewa, na mfumo unaozuia gari kuserereka ni mambo ya kudai katika ngazi yoyote ile. Na ikiwa ngazi ya chini haina, hiyo ni sababu halali ya kupanda ngazi, halali kuliko skrini kubwa. Rimu za inchi 18, kinyume chake, ni hasara tupu mahali ambapo tairi la inchi 16 la kazi hupatikana kwa urahisi na hustahimili mashimo kwa ubavu wake mnene.

Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi aandikishe kwenye karatasi ya oda yenyewe, na si kwa ahadi ya mdomo, mambo haya: nambari kamili ya injini na torki yake, idadi ya gia, uwiano wa difu na kama ina loki, uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa, ukubwa wa tairi, na kama bomba la moshi lina kichujio cha masizi. Gari lililotumika lijaribiwe likiwa na mzigo, na muuzaji anayekataa kupakia magunia sita kwa nusu saa aachwe na gari lake. Pikapu ikisajiliwa kama gari la biashara hulazimika kukaguliwa kila mwaka chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na springi na breki ni miongoni mwa yanayotazamwa.